Kufu Namba Kumi na Nne

Jumapili, Machi 2. Unyevu asilimia 78.

Mvua imeanza leo, na wifi yangu ameingia nayo. Alisimama mlangoni na masanduku mawili, kiatu kimoja kimejaa maji, anacheka. Mume wangu, ambaye tangu asubuhi nilimwomba azibue mfereji akasema mgongo unamuuma, alikimbia bila mwavuli kumpokea mdogo wake. Mgongo ulipona palepale.

Daktari wa jeni za kuvu. Miaka sita nje. Atakaa kwetu mpaka apate pa kukaa, maneno ambayo hayana tarehe. Kesho anaanza kazi kwenye maabara yangu.

Naandika nyuma ya daftari la kazi lililobaki nusu. Mkono umeandika unyevu kabla sijaukataza. Basi ukae.

Machi 3. Unyevu 79.

Nilimwita "Wifi!" kwenye korido. Bi Vyombo, anayetuoshea vyombo vyote vya maabara na siri zetu zote anazijua, akatoa kichwa. "Haishiki leo, mama. Mtandao uko chini." Watu wakafa kwa kicheko. Kufika saa sita kila mtu alikuwa anamwita wifi yangu Mtandao, naye anaitika. Mimi nina miaka kumi na moja hapa na hakuna aliyewahi kunipa jina la utani. Naitwa Fundi.

Machi 4. Unyevu 79.

Amepewa meza ya dirishani.

Machi 12. Unyevu 83.

Niandike kazi yenyewe, nisije nikasoma daftari hili uzeeni nikadhani nilikuwa nauza viatu.

Tuna kuvu zaidi ya mia mbili kwenye chumba cha mbegu, na mlezi wao ni mimi. Kila baada ya miezi mitatu nachukua kipande cha kila moja, nakihamishia kwenye sahani mpya yenye chakula kipya, ambacho sisi tunakiita uji. Mkono wangu unajulikana. Sahani zangu hazina doa. Nachagua kilichomea vizuri, cheupe, kilichotulia, na kichafu nakitupa.

Namba kumi na nne ndiyo iliyotupa heshima. Ilitoka kwenye gogo bovu, na zamani ilikuwa inatoa rangi ya manjano, na manjano ile iliua vijidudu vya vidonda ambavyo dawa za hospitali zilikuwa zimeshavishindwa. Kisha ikaacha. Inakua, inanenepa, nyeupe kama pamba, lakini manjano hakuna. Mkuu wetu wa maabara ameitafuta miaka saba.

Leo wifi alisimama ubaoni. Kutengeneza manjano, alisema, kunahitaji jeni kumi na mbili, nazo zimekaa safu moja ndani ya kuvu, bega kwa bega. Hii inakata, hii inaunga, ile inatoa nje. Juu yao iko moja isiyotengeneza chochote. Kazi yake ni kutoa amri.

"Mnyapara," akasema Bi Vyombo kutoka mlangoni, ambako hakualikwa, na jina likakaa. Mnyapara akisema, wale kumi na wawili wanafanya kazi. Akinyamaza wanalala, na kuvu inaishi raha mustarehe bila wao.

Mkuu alisema mvua zikiisha bila manjano, namba kumi na nne inafungwa. Na atakayeirudisha manjano ndiye atakabidhiwa chumba cha mbegu, kwa barua na cheo. Aliniangalia mimi kwanza. Halafu akamwangalia Mtandao, na macho yake yakabaki huko.

Chumba cha mbegu ni changu. Nimeingia humo kabla sijamzaa binti yangu.

Machi 15. Unyevu 82.

Mvua.

Machi 21. Unyevu 85.

Binti yetu amehamishia mto wake chumbani kwa shangazi yake. Nilimuuliza kwa nini, akasema shangazi anajua kusuka nywele bila kuvuta. Nikasema na mimi sivuti. Mume wangu akakohoa. Wanaume wengine Mungu amewapa kikohozi badala ya maoni.

Sahani zangu za namba kumi na nne, arobaini, nimezibadilishia uji, joto, mwanga na giza. Zote nyeupe, zote nzuri, hata moja haina manjano.

Machi 28. Unyevu 84.

Chakula cha jioni tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Wifi amepekua sanduku la mirija ya zamani, ile yenye mchanga mkavu. Zamani mbegu za kuvu tulizihifadhi humo. Zikishakauka na mchanga zinalala miaka, hazili, hazikui. Anasema kuna mrija wa namba kumi na nne ambao aliyeuandika hakujua hata kuandika kuvu. Ameandika "kufu".

"Kufu namba kumi na nne!" alisema. "Labda alikuwa anamtafutia mchumba."

Nikasema atakuwa yule mzee aliyenitangulia, maana alikuwa haoni vizuri na kusoma kwenyewe alisomea barabarani. Tukacheka mpaka binti akapaliwa. Kwa dakika kumi nilimpenda wifi yangu.

Aprili 3. Unyevu 88.

Amepata manjano.

Sahani kumi na mbili. Nilizishika mwenyewe. Uji wake ni ule niliopika mimi, kabati la joto ni letu sote, namba ni ileile kumi na nne. Kuvu yake mbaya kuiangalia, imejikunja, imechelewa, na chini yake manjano imetapakaa kama kiini cha yai. Zangu arobaini ziko rafu ya juu yake, nyeupe, zinatazama.

Watu waliitana. Mkuu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua. Nilipiga makofi na mimi. Kiganja kinauma hata sasa.

Roho inaniuma. Naandika wazi kwa sababu hapa hakuna mtu. Ana elimu, ana dirisha, ana nywele za binti yangu, na sasa ana manjano yangu.

Aprili 4. Unyevu 88.

Amechezea kitu. Lazima.

Aprili 7. Unyevu 90.

Hajachezea kitu. Ni vibaya zaidi.

Mkuu alituita sote. Wifi amesoma jeni za kuvu yangu, ile ya sahani nyeupe, herufi kwa herufi. Wale kumi na wawili wapo wote, wazima. Mgonjwa ni Mnyapara. Herufi moja imedondoka katikati yake, na kuanzia hapo amri yote haisomeki. Halafu amesoma iliyotoka kwenye mrija wa mchanga. Mnyapara wa humo mzima, hajapungukiwa.

"Imetokeaje?" Mkuu akauliza.

Wifi alisita. Nilimwona akisita, na nilimchukia kwa huruma ile. Akaeleza kwamba kutengeneza manjano kunaila kuvu nguvu. Ikitokea moja imepoteza amri, haifanyi kazi hiyo, basi inakua haraka, nyeupe, nadhifu. Iliyo nzima inajikunja na inachafua uji. Mtu akihamisha mbegu mwaka baada ya mwaka akichagua ile nzuri kwa macho, anachagua ile iliyonyamaza.

Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja. Watu wote walitazama viatu vyao.

"Hakuna wa kulaumiwa," akasema. "Mkono wowote safi ungefanya hivyo."

Mkono wowote safi! Miaka kumi na moja nimesifiwa kwa mkono huu, kumbe ndio uliomziba Mnyapara mdomo. Nilikwenda kunawa, na Bi Vyombo akanipisha kwenye sinki.

"Acha kushindana naye," akaniambia chinichini. "Mtu hushindana na kufu yake. Yule si kufu yako, amekuzidi."

Akasema kwa nia njema. Nia njema za leo zingenitosha mwaka mzima.

Saa tisa walipokwenda kupiga picha za sahani nilifungua droo yake. Mrija wa mchanga ulikuwa umelala kwenye pamba, umebandikwa karatasi yake mpya yenye mwandiko wa kompyuta. Nikautia mfukoni mwa koti langu jeupe. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu akifungua droo akute hakuna, ajue kukuta hakuna kukoje.

Aprili 9. Unyevu 91.

Hajafungua droo. Ana sahani zake, mrija wa nini? Anatengeneza mirija ya akiba, bado inakua humohumo kabatini. Ule niliouchukua nimeuleta nyumbani, uko kwenye kopo la vifungo.

Aprili 13. Unyevu 92.

Mvua. Ukuta wa chumba chetu umeanza kuota ukungu. Mume wangu amesema mwenye kazi yake yupo. Sikucheka.

Aprili 17. Unyevu 93.

Amesuka nywele za binti mistari sita. Amependeza, mtoto.

Jumatatu, Aprili 21. Unyevu 95.

Umeme ulikatika tangu Ijumaa usiku, na tulipofungua leo kabati la joto lilikuwa linanuka kama kapu la nguo mbichi. Wifi akatoa sahani ya kwanza akaisogeza kwenye darubini.

Utitiri. Wadudu wadogo hata jicho haliwaoni vizuri, wanapenda unyevu, wanapenda kuvu kuliko sisi. Wametembea sahani hadi sahani, na kila walipopita wamebeba ukungu wa kijani miguuni. Sahani zake zote kumi na mbili zimevamiwa, na mirija ya akiba pia. Zangu nyeupe vilevile, lakini hizo nani anazililia?

"Nina mrija," akasema. Alifungua droo. Akatoa pamba. Akatoa droo yenyewe akaimwaga mezani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Wifi, hukuuona? Mrija wa mchanga?"

"Sijauona," nikasema. Na nikamsaidia kutafuta. Nilipiga magoti nikamulika chini ya majokofu.

Lazima nilichokisikia nikiandike. Kulikuwa na utamu. Mdogo, lakini ulikuwepo. Hicho ndicho kinaitwa kijiba cha roho, na mimi nilidhani ni ugonjwa wa watu wengine.

Aprili 22. Unyevu 95.

Alilia jikoni kwetu, ameinamia meza. Mkuu amemwuliza mbele ya watu ni daktari gani anaweka mbegu yake yote kabati moja. Mume wangu alisimama nyuma yake hajui aweke wapi mikono. Nilimpa leso. Akaishika pamoja na vidole vyangu, hakuviachia.

"Bora upo wewe, wifi," akasema.

Aprili 24. Unyevu 93.

Utamu umeisha.

Jumapili, Aprili 27. Unyevu 90.

Asubuhi walitoka wote watatu, mtoto katikati, mwavuli mmoja. Nikatoa kopo la vifungo.

Nilifikiria kuutupa mtoni. Nilifikiria kuurudisha na kuusukuma nyuma ya jokofu, uonekane umedondoka. Nikaanza kubandua karatasi yake mpya, sijui kwa nini, labda nisione jina lake. Chini yake kulikuwa na karatasi ya zamani, ya njano, wino wa bluu uliofifia.

Kufu na. 14.

Hiyo nne imekaa kama kiti kilichopinduliwa. Nne zangu zote ni hivyo, mpaka leo. Chini yake tarehe. Siku ya tatu ya kazi yangu.

Nilikaa kitandani. Nyumbani nilikokulia tulisema fitu, fyombo, fiatu, na shuleni nilichapwa kwa ajili ya hiyo herufi mpaka nikaishika. Kumbe nilipofika maabara, na wasiwasi wa ugeni, ikanitoroka tena. Nimeisahau kabisa. Nimesahau kwamba nilikuwa msichana wa kuandika kufu, aliyeambiwa na yule mzee, "Chukua chochote kinachoota, tia mchangani, usichague," kwa sababu hakuniamini kuchagua. Nikatia vyote, kizuri na kichafu. Na mzee yule nimemcheka mezani kwangu, marehemu wa watu!

Nimemwonea wifi yangu wivu mwezi mzima kwa mrija nilioujaza mwenyewe. Sasa sijui hata wivu huu niupeleke kwa nani. Yule msichana amenishinda.

Aprili 28. Unyevu 89.

Nimewaza hivi. Ni wangu. Mwandiko wangu, siku yangu. Nani ataniita mwizi?

Nimenyunyiza mchanga kidogo kwenye sahani sita na kuzifunga kwa plastiki, utitiri usipenye. Nimemwambia Mkuu kwamba kuna mrija wangu wa zamani nimeukumbuka, nimeukuta nyumbani. Hakuna neno la uongo humo. Nilihesabu maneno kabla ya kuyasema.

Mei 2. Unyevu 87.

Madoa madogo. Mabaya, yamejikunja. Sijawahi kupenda kitu kibaya hivi.

Mei 6. Unyevu 84.

Manjano.

Mkuu amenipa mkono, halafu akanishika bega, kitu ambacho hajafanya kwa miaka kumi na moja. "Mlezi wetu ametuokoa," akasema, na watu wakapiga makofi, yale niliyoyataka. Yalipita karibu yangu yakaenda kwingine. Barua ya chumba cha mbegu itaandikwa kwa jina langu.

Wifi alinikumbatia mbele ya wote. Amepungua, mabega yake nimeyasikia. "Umeniokoa mimi," akaninong'oneza. "Nilikuwa nimeshaanza kufunga masanduku." Halafu akasema angependa kuuona mrija, auandike kwenye ripoti. Nikasema kesho.

Mei 7. Unyevu 84.

Nikasema kesho.

Alhamisi, Mei 8. Unyevu 82.

Nilimkuta chumba cha kuoshea vyombo, anamsaidia Bi Vyombo kupanga chupa. Afadhali Bi Vyombo alikuwepo. Mbele yake mtu hawezi kupamba maneno. Nikautoa mrija mfukoni mwa koti, mfuko uleule, nikamwekea kiganjani.

Akausoma. Akaugeuza. Akaona gundi ya karatasi yake niliyoibandua.

"Huu ni wangu," akasema. "Ulikuwa kwenye droo yangu."

"Niliuchukua mimi. Tarehe saba."

"Tarehe saba? Kabla ya utitiri?"

"Kabla."

Alifunga bomba. Maji yaliendelea kudondoka, tone, tone.

"Nililia jikoni kwako," akasema. "Ukanipa leso."

"Nilikupa."

"Ulikuwa nao ndani ya nyumba?"

"Kwenye kopo la vifungo."

Bi Vyombo alisema taratibu, "Kikulacho ki nguoni mwako," na akarudi kwenye chupa zake. Mimi niliangalia koti langu.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimetayarisha sababu tatu, zote nzuri. Nikasema, "Wivu." Neno lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, nikaongeza, "Kila kitu. Dirisha. Mtoto. Na ulivyosema hakuna wa kulaumiwa."

Kisha akauliza huyu aliyeandika kufu ni nani, kama ninamjua. Nikamwambia mwandiko ni wangu.

Akanitazama, halafu mrija, halafu mimi. "Kwa hiyo umeiba kitu chako mwenyewe," akasema. Hakucheka. Aliutia mrija mfukoni mwake, akatoka.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mkuu. Sikusubiri nipelekwe.

Mei 9. Unyevu 81.

Barua imeandikwa upya, kwa jina lake. Funguo nimezirudisha. Sijafukuzwa, wifi ndiye aliyekataa nifukuzwe, na hilo nalo limeniuma. Nitahamisha mbegu chini yake, na yeye ndiye atakayesema kipi kichaguliwe.

Mei 10. Unyevu 81.

Amehama. Amepata chumba karibu na maabara. Mume wangu alimbebea masanduku bila kunitazama, na mgongo haukumuuma.

Mei 15. Unyevu 77.

Binti amerudi na mto wake. Nilimsuka. Nilivuta kidogo tu.

Mei 19. Unyevu 74.

Wifi ananiita Fundi, kama wengine.

Ijumaa, Mei 30. Unyevu 61.

Hakuna mvua siku ya nne. Tumefungua madirisha yote.

Manjano imetoka lita kumi, imepimwa, imeua ilichotakiwa kuua. Namba kumi na nne haifungwi. Asubuhi Bi Vyombo aliniletea kutoka kwa bosi wangu mpya mirija ishirini mipya ya mchanga na orodha ya majina ya kuandika. Nimetia mchangani kila kilichoota, kizuri na kichafu, sikuchagua. Mkono ulitaka, niliukataza.

Mstari wa kwanza wa orodha: Kufu 14.

Uso uliniwaka. Nikasema ananicheka, tena kwa maandishi, na ana haki. Nikachukua kalamu nikaanza kuisahihisha ile herufi.

"Iache."

Alikuwa mlangoni, na ripoti mkononi. Mkuu alitaka kurekebisha na yeye, alisema, akamkatalia. Jina limeshaandikwa kwenye ripoti, limekwenda hivyo kwa watu wote.

"Watadhani hatujui kuandika," nikasema.

"Watauliza. Nitawaambia aliyeiandika ni nani na alifanya nini siku yake ya tatu ya kazi." Akageuka aende. Alipofika katikati ya korido akasimama, akaita bila kutazama nyuma, kwa sauti kavu. "Wifi! Nne zako ziwe zinasomeka."

Siku ishirini na mbili sijasikia neno hilo. Bi Vyombo akatoa kichwa kwenye chumba chake, mikono imejaa povu.

"Ehe! Naona mtandao umerudi."

"Umerudi kwa shida," wifi akasema. "Haujashika vizuri."

Bado namwonea wivu kwa ile meza ya dirishani. Nimekaa na mirija yangu ishirini, nimeandika yote, na kila mmoja nimeutilia f.